Chumvi ya Upako Kwenye Goli la Carmel

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua mdomo wangu umeshaniponza mara ngapi. Uliniponza kwa Darius, baba Carmel, aliyehamia Edmonton na hajapiga simu tangu Krismasi. Ukaniponza kwenye kwaya. Na mara ya mwisho niliishia pale kocha alipobandika karatasi ukutani: Herons, timu ya wasichana ya hoki ya barafuni, inachukua magolikipa wawili, mmoja wa mwaka jana amesharudi, nafasi imebaki moja, na wanaoigombea ni wawili.

Mmoja ni Carmel wangu, miaka kumi na tano. Mwingine ni Zahira, binti wa Jalaludin, mtu yule yule anayempitia mwanangu na gari lake kila siku ya mazoezi.

Leo msiulaumu mdomo. Leo ni mkono.

Kwa aliyelishika gazeti hili kwa mara ya kwanza: naitwa Libérata. Nimezaliwa Uvira, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, naishi Jane na Finch hapa Toronto, nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Na nina ugonjwa wa hoki.

Ugonjwa huo niliupatia kazini. Wazee wangu hawali bila televisheni, na televisheni yao ni hoki tu. Siku moja nikajikuta nimeshika kijiko cha supu hewani, mzee wa watu kafungua mdomo anangoja, na mimi nampigia kelele beki wa Montreal: "Rudi nyuma, wewe! Rudi!" Tangu siku ile sikupona.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada natuma sauti yangu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Naeleza nani kacheza, nani kazubaa, kijana gani atafika mbali na yupi watu wanampamba bure. Watu mia mbili wananisikiliza. Mpaka Bujumbura wananisikiliza, na kule barafu wanaijua ya kwenye friji tu.

Kwa hiyo nikisema neno juu ya golikipa, najua ninachosema. Na hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia.

Golikipa hatazamwi anaporuka. Kuruka kila mtu anaruka. Mtazame miguu kabla mpira haujafika. Naita mpira, ingawa ni kisahani cheusi cha raba. Nielewe hivyo hivyo. Carmel anafika pamoja na mpira. Zahira anafika kabla. Ukimkuta Zahira kwenye nguzo ya kulia, ujue alishajua wewe unapiga kulia wakati wewe mwenyewe bado hujaamua.

Nilimtazama majaribio matatu mfululizo. Nilitafuta kasoro kwa macho mawili kama anayechambua mchele. Sikuipata.

Hilo sikulisema popote. Kwenye sauti zangu za Jumapili nilisema, "Carmel wetu yuko juu, tuombe." Mbele za watu nilikuwa mama. Moyoni nilikuwa mchambuzi, na mchambuzi alikuwa ameshampa nafasi mtoto wa mtu mwingine.

Na mtu huyo mwingine ndiye Jalaludin. Kazaliwa Kigoma mjini, kwao walikuwa na duka la vitambaa. Sasa anauza miwani na anakaa Thornhill, karibu na kituo cha Waislamu wenzake wa Shia pale barabara ya Bathurst. Tulikutana kwenye benchi la wazazi. Nilimsikia akinong'ona, "Ya Ali, beki gani huyu?" Nikageuka mzima mzima. Kiswahili cha Kigoma, ndani ya uwanja wa barafu!

"Wewe ni Simba au Yanga?" nikamuuliza hata kabla ya salamu.

"Simba."

"Basi tumeshagombana."

Yeye Simba na Leafs ya hapa Toronto, mimi Yanga na Montreal, kwa sababu Montreal ndiyo iliyonipokea nikishuka kwenye ndege. Utani wetu ulianza siku ile na haukuwahi kwenda likizo. Na Darius alipoondoka na gari, Jalaludin hakuuliza maswali. Jumanne ile ile alisimamisha gari lake chini ya jengo letu, akapiga honi mara mbili, akasema, "Mwambie golikipa ashuke." Kutoka Thornhill mpaka kwetu, halafu uwanjani. Mwaka mzima.

Huyo ndiye niliyemfanyia nitakayowaambia.

* * *

Jumapili kabla ya jaribio la mwisho, Mchungaji Léonard aliombea chumvi. Kila familia ikapewa kifuko kidogo cha nailoni. "Mwagieni kwenye vizingiti vya milango yenu," alisema. "Kila kibaya kiishie nje."

Nikamwaga mlangoni. Ikabaki nusu, nikaiacha kwenye meza ya jikoni.

Nikaitazama ile nusu Jumatatu. Nikaitazama Jumanne. Ijumaa jioni nikawa nimeshajijibu: goli ni mlango au si mlango? Kibaya kiishie nje.

Nawaona mnavyocheka. Mliokulia Tanzania mnajua kamati ya ufundi ni nini, mnajua timu zinavyoruka ukuta kuingia uwanjani na mayai yanavyovunjwa golini. Mimi ni mtu wa kanisa, sivunji mayai. Nilijiambia hii si uchawi, hii ni sala.

Lakini swali si hilo. Swali ni hili: nimekaa Toronto miaka tisa. Kila theluji ikianguka, mimi mwenyewe namwaga chumvi kwenye ngazi za kazini ili barafu iyeyuke wazee wasivunjike. Kwa mkono huu huu! Mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua chumvi inafanya nini kwenye barafu.

Na haki ya Mungu, haikunijia kichwani. Ile ya ngazini ni chumvi ya ndoo. Hii ilikuwa chumvi ya upako. Kwangu vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Jumamosi asubuhi, saa tatu. Kocha alishatutangazia: Carmel ataanza goli la upande wa mlango wa mashine, Zahira goli la upande wa saa kubwa ya ukutani. Mashine ya kulainisha barafu ilikuwa inamaliza mzunguko wa mwisho, na anayeiendesha ni Papa Gaspard, mzee wa kanisa letu, mtu wa Bukavu, mpole mpaka unamwonea huruma. Akashuka, akarudisha magoli mahali pake.

Nikasimama kwenye mlango na chupa ya maji mkononi.

"Papa Gaspard, Bwana asifiwe."

"Amina, Mama Carmel. Mbona na viatu vya nje hapo?"

"Niache niweke chupa ya mtoto juu ya goli."

"Hairuhusiwi, mama. Mwenyewe ataiweka."

"Nusu dakika, Papa. Leo ni siku yake."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Haya, upesi. Mimi sijaona kitu."

Nikaenda kwa hatua za bata mpaka golini. Nikaweka chupa. Nikapiga magoti kwenye lile eneo la buluu anamosimama golikipa. Papa Gaspard akageuka akanipa mgongo kwa heshima, akidhani naomba. Na kweli nilikuwa naomba. Mdomo unaomba, mkono unamwaga. Kiganja kimoja kwenye nguzo ya kulia, kiganja kimoja kwenye nguzo ya kushoto. Chumvi ni nyeupe, barafu ni nyeupe. Nani angeona?

Nilirudi kwenye benchi la wazazi nimejaa amani. Ndiyo, amani. Niliingiza mkono kwenye begi nikamkaribisha Jalaludin andazi.

* * *

Watoto wakaingia kupasha misuli. Ningetulia nikatazama, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini Jalaludin alianza.

"Mtani, nimesikia sauti yako ya Jumapili. Eti Leafs hatuna timu."

"Sikusema hamna timu. Nimesema mna washambuliaji wa kupigwa picha na mabeki wa kupiga picha."

"Subiri mwaka huu."

"Mwaka gani? Kombe lenu la mwisho ni elfu moja mia tisa sitini na saba! Mama yangu alikuwa anajifunza kutembea."

"Na nyie tisini na tatu."

"Tisini na tatu kuna picha za rangi, Baba Zahira. Zenu zina mavumbi."

Akacheka mpaka andazi likampalia. Nami sikumwacha. Nikamweleza timu yake inavyocheza: mmoja akipata mpira, wanne wanasimama kumtazama kama wako harusini. Hakuna anayekimbia kufungua nafasi. Vijana wao wanasifiwa wakiwa na miaka kumi na minane, na wakifika ishirini na mbili wamechoka na sifa. Nilichambua, jamani. Nilichambua mpaka wazazi wa benchi la mbele wakageuka, na hawakuelewa hata neno moja.

Filimbi ikapigwa. Nikatazama uwanjani.

Carmel alikuwa goli la upande wa saa.

"Ebo! Mbona wamebadilishana?"

"Nimemwona Carmel akiongea na kocha," Jalaludin akasema, bado anajifuta makombo. "Labda upande ule haupendi."

Haupendi! Nikapandwa na joto mpaka masikioni. Ile chumvi niliyoiombea mwanangu, sasa aliyesimama juu yake ni Zahira. Na Zahira alicheza, mama yangu! Mpira wa kwanza akazuia kwa goti. Wa pili kwa glavu. Wa tatu ulikuwa goli la wazi, hata mimi nilishanyanyuka, akautoa kwa ncha ya gongo. Upande wa pili Carmel ameshafungwa moja, laini.

Nikamwambia Mungu kimoyomoyo: Bwana, umekosea mlango. Hiyo si ya huyo.

Hilo nalitubu mbele yenu. Nilimlalamikia Mungu kwa sababu mtoto wa mtu alikuwa salama.

Dakika ya kumi na nne. Mshambuliaji akaja kushoto, akapitisha mpira mbele ya goli kwenda kulia. Zahira alishajua. Alijisukuma kwa mguu wa kushoto kwenda nguzo ya kulia, vile anavyofanya siku zote, safi.

Chuma cha kiatu kikazama barafuni. Mwili ukaenda, goti likabaki.

Ile sauti aliyotoa sitaki kuiandika.

Jalaludin aliruka ukuta wa uwanja na suruali yake ya kitambaa na viatu vya ngozi, akaanguka, akanyanyuka, akaanguka tena, akamfikia mwanawe kwa kutambaa. Papa Gaspard alikuja na koleo lake. Akapiga magoti pale nilipopiga mimi. Akapapasa barafu. Kwenye zile nguzo mbili ilikuwa imeoza, vishimo vishimo kama sponji ya kuoshea vyombo.

Hapo ndipo chumvi ya ndoo na chumvi ya upako zilipokuwa kitu kimoja kichwani mwangu. Nilikaa.

* * *

Mchana ule simu yangu iliita. Jalaludin, yuko hospitali.

"Mama Carmel, samahani."

"Samahani ya nini, Baba Zahira?"

"Nimeondoka na gari la wagonjwa, nimewaacha. Carmel amefikaje nyumbani?"

Mtoto wake kalazwa goti limechanika, msimu mzima umekwenda, na yeye anauliza wangu amefikaje nyumbani.

"Tulipanda basi," nikasema.

"Alhamdulillah. Mwambie alicheza vizuri."

Niligeuka kumwambia Carmel. Alikuwa jikoni, anaosha glavu moja kwenye sinki. Moja tu. Anaisugua vidole. Nikamwambia Baba Zahira anasema umecheza vizuri. Carmel Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza tangu ana miaka saba. Siku hiyo hata Kiingereza hakukitumia. Alifunga bomba akaingia chumbani.

Nikadhani ni uchungu wa rafiki. Mama gani angedhani kingine?

Jumapili kanisani Mchungaji Léonard akasimama. "Ndugu yetu Papa Gaspard amesimamishwa kazi. Wamekuta chumvi kwenye barafu. Wanasema imetoka kwenye ndoo yake ya ngazi za nje, kwamba ameiingiza kwa viatu, kwa uzembe. Ana watoto wanne. Tumwombee."

Papa Gaspard akaenda mbele. Akapiga magoti. Mchungaji akatazama watu, akaniona.

"Mama Carmel, wewe unakijua kile kiwanja. Njoo umwekee mkono."

Nikaenda. Nikamwekea mkono begani. Mkono ule ule. Papa Gaspard akaugusa kwa shavu lake, akaninong'oneza, "Usiogope, mama. Sikumwambia mtu kuhusu chupa. Lile ni kosa langu, si lako."

Siku ile sikutuma sauti kwenye kundi. Watu wakaniuliza, dada unaumwa? Nikasema koo.

Jumatatu kocha akapiga simu: nafasi ni ya Carmel. Niliisubiri simu ile miaka sita. Nilimwambia mwanangu, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuna msiba, akasema, "Okay." Basi.

Na kocha akaongeza: Jumanne saa kumi jioni kuna kikao ofisini kwa meneja wa uwanja. Gaspard atasikilizwa kwa mara ya mwisho. "Uje na Carmel. Yeye ndiye alikuwa goli lile wakati wa kupasha misuli. Labda aliona kitu."

* * *

Tulikuwa sita kwenye chumba kidogo. Meneja na kocha upande mmoja wa meza. Papa Gaspard peke yake upande wa pili, amevaa suti ya kanisani. Mimi na Carmel tumekaa karibu na mlango. Na Jalaludin, amenyoa vibaya, macho mekundu nyuma ya miwani.

Meneja akasoma aliyoyaandika. Chumvi. Ndoo. Uzembe. Akamuuliza Papa Gaspard kwa Kiingereza: baada ya mashine kutoka, kuna mtu yeyote aliyeingia kwenye barafu?

Papa Gaspard hakunitazama hata kidogo. "Hapana, hakuna mtu."

Sema, Libérata. Nilijiambia: sema sasa. Mdomo huu ulioshindwa kunyamaza mbele ya Darius, mbele ya kwaya, mbele ya watu mia mbili, leo uko wapi? Lakini nikisema, nafasi ya Carmel inaondoka pale pale mezani. Timu gani itamchukua golikipa ambaye mama yake anaharibu barafu?

Nikanyamaza.

Jalaludin akaomba kuongea. "Mimi sikuja mtu afukuzwe kazi," akasema. "Mwanangu hajalala siku tatu. Ananiuliza, Baba, nilikosea wapi? Anadhani ni mguu wake. Anasema hatarudi tena golini. Nataka jibu la kumpelekea, basi."

Halafu akanigeukia, na akaacha Kiingereza.

"Mama Carmel. Utani pembeni. Hapa hakuna anayeijua hoki kukushinda. Ule mguu, Zahira alikosea?"

Jamani. Mimi wa kuchambua kila mtu. Mimi ninayejua beki gani kalala na kocha gani kachanganyikiwa. Mtu ananiomba maoni juu ya mguu niliouponza mimi.

"Hakukosea," nikasema. "Alifika kabla ya mpira. Ni golikipa bora kuliko wote niliowaona uwanja ule." Nikaongeza, "Kuliko hata wangu."

Carmel, pembeni yangu, aliinamisha kichwa.

Jalaludin aliondoa miwani akajifuta macho. "Ahsante, mtani. Nitamwambia umesema wewe."

Nilikuwa karibu kuamini kwamba yamekwisha. Ndipo kocha akafungua kompyuta yake.

"Kuna kitu kimoja," akasema. "Kamera ya uwanjani inajiwasha watoto wakiingia kupasha misuli. Sikuwahi kuiangalia sehemu hiyo mpaka leo mchana. Tuitazame pamoja."

Nikapiga hesabu haraka: watoto walipoingia, mimi nilishatoka. Mimi simo.

Kweli, sikuwemo. Kwenye picha barafu ni tupu, inang'aa. Mlango unafunguliwa, Carmel anaingia wa kwanza, anakwenda golini kwake, anaanza kukwaruza lile eneo la buluu kwa viatu kama magolikipa wanavyofanya. Kushoto. Kulia. Anasimama.

Anakwaruza tena pale pale. Anainama.

Juu ya kona ya picha tunaonekana sisi wawili kwenye benchi la wazazi, mimi na Jalaludin. Mimi nimenyanyua mikono yote miwili, nachambua Leafs.

Carmel anavua glavu ya kulia. Anagusa barafu kwa kidole. Anakitazama. Anakiweka mdomoni.

Halafu anainua kichwa anatazama benchi la wazazi. Ananitazama mimi. Muda mrefu. Mimi sikumwona.

Anavaa glavu. Anateleza kwenda kwa kocha, wanaongea maneno mawili matatu, kocha anatikisa kichwa kukubali. Carmel anaelekea goli la upande wa saa. Zahira anampita katikati ya uwanja. Wanagonganisha magongo, kama wanavyofanya siku zote kutakiana heri.

Kocha akasimamisha picha hapo hapo, magongo yamegusana.

Papa Gaspard aliinua uso kwa mara ya kwanza, akanitazama, na nikaona anaikumbuka ile nusu dakika. Anayakumbuka magoti yangu.

"Carmel," kocha akasema taratibu, "uliniambia unataka kubadilisha upande kwa sababu ya mwanga. Mbona hapa umeonja barafu? Ulionja nini?"

Mwanangu alikuwa ameibana mikono katikati ya magoti. Nikataka kumshika, akajisogeza.

Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane akafungua mdomo wake kwa Kiswahili. Pengine alidhani ni lugha ya sisi wawili tu. Pengine alijua vizuri ni nani wamekaa mle ndani.

"Mama," akasema, "unasema wewe, au niseme mimi?"

Meneja na kocha wakatazamana. Hawakuelewa kitu.

Papa Gaspard akafumba macho. Na Jalaludin, mtani wangu, mtu wa honi mbili chini ya jengo letu, akaweka miwani yake mezani polepole.

"Sema, Mama Carmel," akasema. "Nakusikiliza."